Sikio Haliulizwi Diploma

Kwa watu wengi wa Bukama na Kamina, kusini mwa Kongo, muziki wa klasiki ni nyumba ya wenyewe: mambo ya wazungu, ya waliosomea noti, ya wenye nafasi ya kukaa kwenye kumbi za fahari. Nadai kwamba nyumba hiyo huingiwa kwa sikio, na kwamba kusikiliza kwa makini ni ufundi ambao mtu yeyote anaweza kuuanza leo bila mwalimu. Tena ushahidi uko karibu, kwani reli inayopita Bukama kando ya mto Lualaba ndiyo inayofika Kamina, na Kamina ndiko ilikozaliwa Missa Luba.

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953, kisha akaunda kwaya ya wavulana na walimu wao iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba na kurekodi Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mitindo ya Waluba na majirani zao. Waimbaji hawakushika karatasi za noti. Walikubaliana juu ya mwendo na maitikio, na mengine wakayabuni papo hapo, kila mmoja akimtegea sikio mwenzake. Noti zilizochapishwa baadaye zilinakiliwa kutoka kwenye rekodi. Kazi hiyo ilisikika katika filamu ya If.... ya Lindsay Anderson mwaka 1968, na kwaya ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, ikatoa rekodi yake mwaka 1990. Ikiwa sikio lilitosha kuitunga, litashindwaje kuifurahia?

Chukua Kyrie yake, ombi la huruma katika misa. Maneno ni yaleyale ya misa ya kale, lakini sauti moja inaita kwa mtindo wa kasala, wimbo wa Kiluba wa msibani, na kwaya inaitikia. Msikilizaji aliyewahi kukaa matangani anaelewa mara moja kwamba hapa huruma inaombwa na watu waliofiwa. Sasa afungue Kyrie ya Misa katika B ndogo ya Johann Sebastian Bach. Kwaya nzima inalia kwa pamoja, ala zinachukua nafasi, kisha tenori wanaanza peke yao, alto wanafuata na wimbo uleule, na wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine. Asijali jina la mtindo huo. Afuate sauti moja tu hadi mwisho, arudie, afuate nyingine. Ombi ni lilelile, na njia ya kulifikia ameshaionja Kamina.

Atatokea wa kusema kwamba Missa Luba si klasiki, ni nyimbo za asili zilizovishwa Kilatini. Lakini Bach naye alijenga kazi zake juu ya nyimbo za ibada zilizojulikana na waumini na juu ya midundo ya ngoma za zama zake. Kuchukua cha watu na kukipa umbo kubwa ni desturi ya muziki huo tangu zamani. Mwingine atakumbusha kwamba kwaya ilibeba jina la Baudouin, mfalme wa wakoloni, na kwamba sifa nyingi zilimwendea padri. Hilo ni kweli, na lisifichwe. Ndiyo sababu zaidi ya kusikiliza vizuri, maana ubunifu wa vijana wale umo ndani ya rekodi, na anayesikiliza kwa makini anawarudishia haki yao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba asiyejua nadharia husikia nusu tu. Nakubali kwamba elimu huongeza. Hata hivyo huja baada ya mapenzi: okestra ya kanisa la Wakimbangu huko Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, ilianza na wapenzi wa muziki waliopokezana violini chache, na ikafika kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven. Nusu inayosikika kwa mapenzi ndiyo inayomfanya mtu aitafute ile iliyobaki. Basi mwenye simu na dakika chache za utulivu jioni aanze na Kyrie ya Kamina, aisikilize mara mbili, kisha aende kwa Bach bila kuomba ruhusa ya mtu.