Kambi Isiyo na Watu

Juzi niliweka bando la shilingi hamsini, nikakaa chini ya mwembe wa Susu hapa Ekalakala, mahali pekee bomani ambapo mtandao hushika, nikafungua kambi ya Aguthi. Kambi yenyewe haipo tena. Wakati wa Hali ya Hatari watu walizuiliwa pale na kufanyishwa kazi. Leo ni Shule ya Wasichana ya Kangubiri, Nyeri. Waliojenga upya majengo yake kwa kompyuta ni Museum of British Colonialism, kikundi cha Wakenya na Waingereza kilichoanza 2018, Chao Tayiana Maina akiwa mmoja wa waanzilishi. Kambi ya Mweru, ambayo siku hizi pia ni shule, nayo wameifanyia vivyo hivyo.

Kazi hii si mapambo. Wakoloni walipokuwa wakifunga virago walichoma faili nyingi, na nyingine wakazisafirisha kwao. Serikali ya Uingereza ilikuja kukiri 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ikiwa mahakamani, kwamba ilikuwa imeziweka Hanslope Park. Makaratasi yakichomwa, utauliza nani? Kikundi kilienda Nyeri, kikaangalia mabaki, kikasikiliza wazee waliokuwa ndani.

Lakini wacha niseme kilichonikera. Ni safi mno. Kila kitu kimenyooka, ardhi haina hata alama ya mguu, na hakuna mtu. Nikajiambia, hii ni ramani ya fundi, uchungu uko wapi?

Susu alichungulia simu. "Watu wamewekwa wapi?" akauliza.

Nikajikuta nawatetea. Nilimwambia nyuso hazingebuniwa, ungekuwa uongo. Hakunisikiliza. Alishika simu kwa mikono miwili, akakitazama kibanda kimoja kwa muda mrefu, bando langu likiisha, kisha akaanza kusimulia juu ya kakake mkubwa aliyefanya kazi ya reli Nairobi, akashikwa, akarudi baada ya miaka mitatu. Hakuwa Aguthi. Hata Susu hajui alikuwa kambi gani. Anachojua ni kwamba aliporudi hakuweza kulala mlango ukiwa umefungwa, mpaka mama yao akaung'oa, wakalala hivyo msimu mzima wa baridi.

Hapo ikabidi nimeze maneno yangu. Tangu niache chuo mwaka wa pili nimekuwa nikirekodi wazee wa hapa kwa simu, kamradi kangu kadogo, na nilijidai kwamba sauti inashinda mchoro wowote. Miezi minane nimemuuliza Susu habari za miaka ile, jibu lake ni moja: "Tulikuwa tunalima tu." Leo kibanda kitupu kimefanya kile maswali yangu yameshindwa. Pengine kingekuwa na watu waliochorwa angewaangalia hao, akanyamaza juu ya wake.

Bado nashikilia kwamba sauti za wale wazee wa Nyeri zingefaa kusikika humo humo ndani ya kambi, si kando. Na jamani, kitu kizito hivi kwa simu ya kijijini kinakula bando!

Nilikuwa nimebonyeza kurekodi. Ninayo dakika moja na sekunde arobaini: kuku, upepo, habari ya mlango, halafu Susu akisema, "Hiyo zima kwanza." Nikazima. Aliendelea mpaka jua likazama.