Tourte: tunasifu mkono, tunasahau mti

François Xavier Tourte alikufa Paris mwaka 1835, na mpaka leo wanamuziki wanamuita Stradivari wa upinde wa violoni. Sifa hiyo ni ya haki. Kwanza alijifunza kazi ya saa, na ile makini ya saa inaonekana katika kazi yake. Fimbo hakuichonga ikiwa tayari imepinda. Aliichonga imenyooka, akifuata nyuzi za mbao, halafu akaikunja kwa moto, juu ukikata nyuzi fimbo inapoteza nguvu.

Lakini mimi mtu wa agronomia naona sifa hiyo ni nusu tu. Mbao yenyewe ni ya pernambuco, mti wa Brazil. Wazungu waliukata tangu miaka ya 1500 juu ya rangi nyekundu ya nguo. Ni mbao nzito, ngumu, lakini ukiikunja inarudi. Bila ule mti, Tourte angekuwa fundi mzuri tu.

Leo mti uko hatarini. Tangu 2007 biashara yake inafuatwa na mkataba wa CITES, na mafundi wengine njo wanachangia kuupanda upya. Hapo njo wanamheshimu Tourte kweli.