Fundi wa Tumbo la Karavani

Mnunuzi wa karavani nchini Marekani huonyeshwa jiko, kitanda, bafu, kochi la kukunjua na runinga ya ukutani. Ni nadra kumwona akipiga magoti kuchungulia chini. Na huko chini ndiko yaliko mambo yatakayomkosesha usingizi baadaye: matangi ya maji, mabomba, nyaya, njia za hewa ya moto, sufi ya kuzuia baridi, na chini ya vyote kifuniko chembamba cheusi kilichopigwa skrubu kwenye chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Kifuniko hicho wenyewe hukiita tumbo. Iko siku tumbo hushuka. Linaning'inia karibu na magurudumu, upepo unalipiga, na dereva anayefuata nyuma anapiga honi kumwashiria mwenzake asimame. Hapo ndipo fundi hutafutwa, na huyo ndiye ninayetaka kumsifu, maana kazi yake inataka akili nyingi na hufanyika mahali ambapo hakuna anayetazama.

Karavani nyingi za Amerika Kaskazini huundwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, katika mji wa Elkhart na viunga vyake. Zile za bei ya kawaida huwekewa tumbo la polipropilini: ngozi mbili nyembamba zilizoshikanishwa na vijikuta vidogo katikati, plastiki ileile ya mabango ya wagombea yanayochomekwa mbele ya nyumba za watu msimu wa uchaguzi. Ni nyepesi, haiozi, na bei yake ni nafuu. Nyingine hufungwa kitambaa cha polithini iliyofumwa. Karavani za Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam miaka ya 1930, zina tumbo la alumini lililopigwa ribiti, na desturi hiyo ilitoka kwenye ndege. Hawley Bowlus, aliyesimamia uundaji wa Spirit of St. Louis, ndege ambayo Charles Lindbergh aliivusha Atlantiki peke yake mwaka 1927, ndiye aliyeunda karavani ya Road Chief mwaka 1934, na Clipper ya Airstream ya mwaka 1936 ikafuata umbo lile. Watu wa ndege walijua kwamba upepo hupita chini ya chombo sawasawa na juu yake. Kwao tumbo lilikuwa sehemu ya chombo. Naona hasara kubwa kwamba siku hizi limekuwa shiti ya kufunikia tu.

Mwenye karavani akiona tumbo limeshuka, wazo la kwanza ni kulisukuma juu na kuongeza skrubu. Fundi mzuri hukataa. Kwanza anataka kujua limeshukia wapi na limeshuka namna gani. Likiwa limefunguka ukingo wa mbele, mshukiwa ni upepo: kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa, upepo unaonaswa na mdomo ulioachama husukuma kwa nguvu ya karibu kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na skrubu chache haziwezi kushindana na nguvu hiyo. Likiwa limechanika nyuma ya gurudumu, aulize kama tairi liliwahi kupasuka safarini, kwa sababu vipande vya tairi hurushwa juu vikachana chochote kilicho karibu. Likiwa limelegea kwa urefu wote bila uzito, na hali ni mbaya zaidi wakati wa joto, hiyo ni plastiki iliyotanuka ikakosa pa kwenda. Likiwa limeshuka chini ya tangi, mtu asiliguse. Huenda mkanda au chuma cha kushikilia tangi kimekatika. Lita 150 za maji ni kilo 150, na zote zimelala juu ya plastiki ya mabango.

Halafu kuna tumbo lililojaa maji. Hili ndilo linalompima fundi.

Niliwahi kukaa karibu na fundi mmoja, mama mtu mzima, kwenye uwanja wa kupiga kambi katika wilaya ya Elkhart, akishughulikia karavani ambayo mwenyewe alikwisha kuisukuma tumbo na kuipiga skrubu mpya. Alifunga magurudumu kwa magogo, akaweka stendi za chuma chini ya chasisi, maana jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliyelala chini, akavaa miwani, akaingia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuweka kiganja pale palipotuna, akasukuma juu taratibu, akaachia. Plastiki kavu hurudi upesi. Hii ilirudi polepole, na ndani kukasikika maji yakihama. Akasogeza beseni, akatoboa tundu dogo mahali pa chini kabisa, akajiondoa upande. Maji yalitoka kwa muda mrefu. Alikinga kidogo mkononi: hayakuwa na rangi, hayakuwa na povu la sabuni, hayakunuka. Basi hayakuwa ya chooni, wala ya sinki. Yalibaki mawili: maji safi ya bombani au mvua.

Hakugusa skrubu hata moja. Alitoka, akaingia ndani ya karavani, akawasha pampu, akafunga mabomba yote, akakaa sakafuni. Mwenye karavani akakaa naye. Pampu hizi hujiwasha shinikizo likipungua, na hujizima likitimia. Ikiwa hakuna bomba lililofunguliwa na pampu imenguruma yenyewe, kuna mahali maji yanatoroka. Walisubiri. Pampu ikanguruma sekunde chache, ikanyamaza. Baadaye tena. Fundi akainuka, akaanza kupapasa viungo vya mabomba kimoja kimoja, akakikuta nyuma ya choo: kiungo cha kona, cha plastiki, kina ufa mwembamba usioonekana bila tochi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Majira ya baridi ya Indiana yalikikuta kiungo kile kimejaa maji, kwa kuwa mabomba hayakukaushwa wala kutiwa ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda.

Lau pampu ingekaa kimya, angehamia upande wa maji yanayotoka: kujaza sinki na kuliachia kwa mkupuo, kutia rangi ya chakula kwenye maji ya bafu kisha kuangalia kama rangi ile itatokeza tumboni. Na ingeshindikana hapo, angechukua mpira wa maji na kumwagia ukuta kuanzia chini, akipanda juu kidogo kidogo, dirisha moja baada ya jingine, mpaka paa. Upande wa mvua ndio mgumu kuliko yote. Maji yaliyoingilia mshono wa paa nyuma yanaweza kuteremka ndani ya ukuta, yakafuata chuma cha chasisi, yakatokea mita kadhaa mbali na yalikoingilia. Mwenye pupa huziba pale yanapotokea.

Baada ya kubadilisha kiungo ndipo alipofungua tumbo, upande mmoja tu, likaning'inia kama kifuniko cha boksi. Sufi ya fibaglasi iliyolowa ilianguka kwa mabonge mazito. Aliitoa yote. Wapo wanaoiacha wakidhani itakauka, nami nasema wazi kwamba hilo ni kosa: ndani ya plastiki hakuna hewa ya kuikausha, uzito wake unaendelea kuvuta skrubu, na unyevu wake unakula sakafu ya mbao iliyo juu yake. Alichomachoma sakafu hiyo kwa msumari wa seremala, inchi kwa inchi, akitafuta palipolainika. Alisugua kutu kwenye chasisi na kuipaka rangi. Kisha akaweka feni na kwenda zake mpaka kesho.

Kufunga nako kuna elimu yake. Polipropilini hutanuka kwa joto karibu mara 10 kuliko chuma. Shiti ya mita 6 iliyofungwa asubuhi ya baridi inaweza kurefuka sentimita 2 au zaidi joto likipanda nyuzi 40, na chasisi iliyoishika ikarefuka milimita 3 tu. Skrubu zikiwa zimebanwa mno, plastiki itajikunja na kulegea, hata kama haina tone la maji ndani. Kwa hiyo fundi hutoboa matundu mapana kuliko skrubu, huweka washa pana, na hukaza kiasi cha kushika bila kubana. Halafu hupitisha vyuma bapa vya alumini kutoka boriti hadi boriti, ili uzito uegemee vyuma na plastiki ibaki na kazi ya kuzuia vumbi na maji ya barabarani. Kabla ya kuingiza skrubu anajua kuna nini juu yake, kwani ncha moja ndefu yaweza kutoboa tangi. Kwenye mikato anatumia utepe uliotengenezwa kwa ajili ya plastiki hii. Gundi nyingi na silikoni ya kawaida hazishiki polipropilini. Palipopita mabomba anajaza povu, maana panya hahitaji zaidi ya upenyo wa milimita 6 au 7.

Kuna jambo mafundi hubishania: tumbo liachiwe tundu la kutolea maji au lizibwe kabisa? Mimi niko na wanaoacha, tundu dogo lenye wavu wa waya mahali pa chini kabisa. Uvujaji mwingine utakuja, na ni heri udondoke ardhini ukaonekana mapema. Kwa sababu hiyohiyo napenda mlango alioukata mama yule chini ya vali za matangi, akaupa fremu na skrubu zake, wakati angeweza kushindilia utepe akamaliza kazi mapema. Alichora kwa kalamu nyeupe juu ya plastiki mabomba yanakopita. Alimfungulia njia fundi asiyemjua, ambaye siku moja atalala chali mahali palepale.

Bili yake ilikuwa na mistari mitatu. Kiungo cha bomba kilikuwa dola chache. Sufi, vyuma na skrubu zilifuata. Mstari wa mwisho ulikuwa wa saa za kazi, na saa za kutafuta zilizidi saa za kufunga. Mwenye karavani alilipa bila kubishana, kwa kuwa alikuwa amekaa naye pale sakafuni, akaisikia pampu ikijiwasha.