Ardhi ya Wameru na Somo la Madaraka

Kitabu cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, The Meru Land Case (1967), kinafundisha madaraka kuliko michoro ya vyombo vya dola tunayowakaririsha wanafunzi hapa Olmotonyi. Mwaka 1951 mkoloni aliwafukuza Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo aliwasemea Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa, lakini amri haikutenguliwa.

Makosa yetu wakufunzi ni kumtukuza Kirilo peke yake. Safari yake iligharimiwa na michango ya wananchi. Huo ndio umma uliojipanga. Mwanafunzi aulize: nani aliamua, kwa nguvu gani, kwa faida ya nani? Na aulize hivyo hivyo leo katika mkutano wa kijiji chake.