Ufundi wa Kuchuja

Carole Leita alikuwa mkutubi katika maktaba ya umma ya mji wa Berkeley, California. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, intaneti ikiwa bado mambo ya maprofesa na mafundi, alianza kujiwekea anwani zilizomsaidia kujibu maswali ya wasomaji. Orodha hiyo ikahamia kwenye tovuti ya maktaba, na mwaka 1997 ikapewa jina la Librarians' Index to the Internet. Wakutubi wengine wakaingia kazini, na kila wiki waliojiandikisha wakapata barua pepe yenye tovuti mpya zilizoongezwa.

Yahoo nayo ilianza mwaka 1994 kama orodha ya tovuti iliyotengenezwa na wanafunzi wawili wa Stanford. Ila Yahoo ilijaza, wakutubi walichuja. Nani ameandika? Kwa fedha za nani? Iliguswa lini mara ya mwisho? Ina nini ambacho hatunacho tayari? Nyingi zilirudishwa mlangoni, wala msomaji hakuziona.

Tovuti iliyopita mchujo ilihitaji maelezo, na hapo ndipo mimi hukaa nikashangaa. Chukua MedlinePlus, tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 1998. Mvivu ataandika kwamba ni tovuti nzuri yenye habari nyingi za afya, na atakuwa hajasema kitu. Fundi ataandika kwamba inaeleza magonjwa na dawa kwa lugha nyepesi, kwa Kiingereza na Kihispania, haina matangazo ya biashara, na imetayarishwa na taasisi ya serikali. Sentensi moja tu, lakini mama mwenye mgonjwa nyumbani anajua papo hapo kama inamfaa. Jaribu kuandika kumi za namna hiyo uone jasho lake.

Halafu kuna utunzaji, kazi isiyo na sifa. Kiungo kilichokufa hugunduliwa na programu. Kibaya ni kile kilicho hai lakini kimebadili mmiliki: jina la tovuti halikulipiwa, mwingine kalinunua, na ukurasa wa ushauri wa uzazi sasa unatangaza kamari. Programu huona mlango uko wazi ikaridhika. Lazima mtu aingie atazame.

Ufundi huu haukuzaliwa na kompyuta. Detroit, mapema miaka ya 1970, Clara Stanton Jones, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuiongoza maktaba ya umma ya jiji hilo, alisimamia huduma iliyoitwa TIP. Mwenye shida ya chakula, nyumba au kazi aliuliza maktabani, akaelekezwa kwa ofisi au kikundi kinachohusika. Nyuma ya jibu hilo fupi kulikuwa na majalada ya kusasishwa bila kuchoka, maana ofisi huhama na namba za simu hubadilika.

Orodha ya Leita iliunganishwa na maktaba ya mtandaoni iitwayo Internet Public Library mwaka 2010, na mwaka 2015 mradi huo ukafungwa. Mitambo ya kutafuta ilikuwa imeshika kazi ya kupata tovuti kubwa. Habari za mtaa ni ngumu zaidi kwayo: darasa la watu wazima lililohama ukumbi, zahanati iliyobadili saa. Hizo bado zinataka mkutubi apige simu, aulize, kisha aondoe tangazo la wiki iliyopita kabla halijampandisha mzee basi bure.