Kijiti cha Mita Moja na Somo la Kwanza la Jiografia

Mwulize mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza latitudo ni nini, naye atakujibu bila kigugumizi: ni umbali wa mahali kutoka ikweta, kaskazini au kusini, unaopimwa kwa nyuzi. Kisha mtoe nje umwombe akuonyeshe kaskazini iko upande gani. Wengi hutazama juu, maana kwenye ramani ya darasani kaskazini huwa juu. Mtoto hana kosa. Kapewa mistari ya dunia kabla ya kuzoeshwa kuutazama uwanja anaoukanyaga kila siku.

Ipo njia ya kale na ya bei rahisi ambayo walimu wengine huanza nayo: kijiti kinachosimikwa juani. Vitabu huitaja kwa sentensi mbili vikapita. Naona inafaa tuichambue taratibu, kwa sababu ikifanywa ovyo haifundishi kitu, na ikifanywa vizuri hubeba dhana karibu zote za muhula wa kwanza.

Tuchukue shule ya Tanga mjini, tarehe 20 Julai. Kijiti kiwe na urefu wa mita moja kutoka ardhini hadi nchani, na kisimame wima kabisa. Hapa ndipo wengi hupuuza. Wima hupimwa kwa timazi, ile ya fundi mwashi. Uzi uliofungwa jiwe unatosha. Ardhi nayo iwe sawa, kwa kuwa mteremko mdogo tu hurefusha kivuli upande mmoja. Kwa kamba ya sentimita 80 iliyofungwa chini ya kijiti, chora duara ardhini.

Asubuhi kivuli ni kirefu na ncha yake iko nje ya duara. Jua likipanda, kivuli hufupika, na mnamo saa 4:32 ncha huligusa duara. Mwanafunzi wa zamu huweka kigingi hapo na kuandika saa. Alasiri kivuli hurefuka tena na kugusa duara upande wa pili, mnamo saa 8:28. Kigingi cha pili. Unganisha vigingi viwili kwa uzi: huo ni mstari wa mashariki na magharibi. Kutoka katikati ya uzi vuta mstari hadi kwenye kijiti, na hiyo ndiyo kaskazini na kusini ya kweli, bila dira. Nusu ya darasa hustaajabu kuona kwamba ukuta wa shule yao haufuati kaskazini ya ramani waliyoichora wiki iliyopita.

Sasa zile saa mbili. Katikati ya 4:32 na 8:28 ni 6:30. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli ya Tanga siku hiyo ni saa sita na nusu, ilhali kila mtoto aliapa kwamba kivuli kingekuwa kifupi kuliko vyote saa sita kamili. Ukingoja kukiona kwa macho kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, utababaika, kwani karibu na adhuhuri urefu wake haubadiliki sana kwa dakika nyingi. Ndiyo maana duara ni bora kuliko macho. Sababu ya kuchelewa ni kwamba saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, mstari unaopita Somalia na usiogusa Tanzania wala Kenya. Tanga iko karibu nyuzi 39. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani dakika 4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo tofauti hiyo ya nyuzi sita kasoro kidogo inatoa dakika 24 hivi. Dakika sita zilizobaki zinatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, pamoja na mlalo wa mhimili wake. Hilo la mwisho mwalimu aliseme kwa kifupi na kuliacha. Kidato cha Kwanza hakilihitaji zaidi.

Kivuli cha adhuhuri hapo kina sentimita 48, na kinaelekea kusini. Jambo hili lafaa kukaziwa. Wanafunzi wakirudi likizo, katikati ya Januari, kivuli cha kijiti kilekile kitakuwa sentimita 29 na kitaelekea kaskazini. Karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba jua huwa utosini na kivuli hupotea chini ya kijiti. Mtoto wa pwani ameshaijua kalenda hii kwa upepo: jua likihamia kusini ya ikweta, kaskazi huvuma, likirudi kaskazini, kusi hushika. Kijiti kinampa sababu ya kitu ambacho babu yake mvuvi alikifuata maisha yake yote.

Halafu skeli. Kidato cha Kwanza hakijui trigonometria na hakuna haja. Kijiti cha sentimita 100 kichorwe kwa sentimita 10, kivuli cha 48 kwa 4.8, pembetatu ifungwe, na kipimapembe kiwekwe nchani mwa kijiti. Kitasoma karibu nyuzi 26, yaani umbali wa jua kutoka utosini. Mwanafunzi ametumia skeli kupata jibu alilolitaka, kabla hajaambiwa aikariri.

Hapo ndipo Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyepima ukubwa wa dunia, anapostahili kuingia. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo alilinganisha kivuli cha Alexandria na jua la utosi la Aswan, akapata tofauti ya sehemu moja ya 50 ya duara, akazidisha umbali wa stadia 5,000 (kipimo cha wakati huo) kati ya miji hiyo kwa 50, akapata mzingo wa dunia. Darasa letu linahitaji shule rafiki Lindi. Siku hiyohiyo kivuli cha huko kina sentimita 59, pembe nyuzi 31. Tofauti ni nyuzi 5, yaani sehemu moja ya 72 ya duara. Kutoka Tanga hadi Lindi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 550 (za basi ni nyingi zaidi, na daima yupo atakayezileta). Mara 72: kilomita 39,600, dhidi ya 40,000 za kweli. Tena miji yetu imepangana kaskazini na kusini vizuri kuliko ya Eratosthenes.

Tusijisifu mapema. Jua lina upana, kwa hiyo ncha ya kivuli ina ukungu wa sentimita moja hivi, na watoto watabishana mstari uwekwe wapi. Ukikosea nyuzi moja, jibu huwa 33,000 au 49,500. Dawa ni kupima shule zilizoachana zaidi: Moyale na Mtwara, kwa mfano, zinatenganishwa na karibu nyuzi 14, na kosa lilelile huharibu jibu kidogo zaidi.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: hizo kilomita 550 si tumezitoa kwenye ramani iliyochorwa na watu waliokwisha kujua ukubwa wa dunia? Ana haki, na ajibiwe hivyo. Kisha apelekwe Kigoma, kwa simu. Shule ya huko, ikichora duara lilelile siku ileile, itaweka vigingi mnamo saa 5:10 na saa 9:06, na adhuhuri yake itatoka saa 7:08. Imechelewa dakika 38 nyuma ya Tanga. Gawanya kwa 4, upate nyuzi 9 na nusu za longitudo kati ya miji hiyo miwili, na hakuna ramani iliyofunguliwa.