4CL5 Ilikosewa Mezani

Mbili kati ya tatu si haba, watasema watetezi. Mimi sisemi hivyo. Ile kazi ya mipopla ya Chuo Kikuu cha Georgia ya 2015 mnaijua: jeni tatu za ukoo wa 4CL, unaosaidia kutengeneza kemikali za mti kama tanini, kila moja na RNA elekezi yake (mwongozo), na kimeng'enya cha CRISPR, Cas9, kikate. 4CL1 na 4CL2 ziliharibiwa kwenye aleli zote mbili katika kila mche uliochunguzwa, kazi safi. 4CL5 haikuguswa kabisa, kwa kuwa herufi za shabaha ndani ya mti zilitofautiana na za mwongozo.

Hapo tukae kidogo, maana wengi hupapita mbio wakisema CRISPR "ina unyeti kwa SNP", yaani tofauti za herufi moja moja za DNA. Unyeti gani? Mti wenyewe ni 717-1B4, chotara wa Populus tremula na P. alba, aliyetoka Ufaransa. Jenomu ya rejea, ile ya 2006, ni ya P. trichocarpa, mti wa Amerika Kaskazini. Kila jeni ya chotara huyu ina nakala mbili kutoka kwa wazazi wa spishi mbili. Herufi 20 za mwongozo wako lazima zilingane na nakala zote mbili za mti ulio mkononi mwako, hasa herufi za jirani na PAM, alama fupi ya DNA inayohitajiwa na Cas9 ili ikate, ambako Cas9 haina msamaha. PCR moja, sikwensi ya aleli mbili, basi. Anayechora mwongozo kwa jenomu ya jirani na kuupeleka kwa 717 bila hakiki hiyo anacheza kamari, na dau lake ni miezi ya kusubiri vichipukizi vitoe mizizi. Kwenye Arabidopsis ungesahihisha katika kizazi kinachofuata. Mpopla huchukua miaka kabla ya kuchanua, kwa hiyo lisilokatwa kwenye mche wa kwanza ndiyo limekwisha. Haki yao watafiti wa Georgia niwape: kosa la 4CL5 hawakulificha, waliliandika wazi.

Nina lingine, na wasomaji wangu wa zamani wanalijua. 4CL2 ilipoondoka, tanini zilishuka, zile zinazokuacha na ukakasi mdomoni ukiuma bibo bichi. Vizuri. Lakini kiwavi hakuitwa kutoa ushahidi. Mtafiti Fraenkel alikwisha sema mwaka 1959 kwamba kemikali za aina hii ni kinga dhidi ya wadudu. Sasa mbona tunazipima kwa mashine peke yake? Mwaka 2004 watafiti Kessler, Halitschke na Baldwin hawakuwa na Cas9. Walizima lipoksijenasi, kimeng'enya cha kinga cha tumbaku-mwitu, kwa antisensi, chombo butu, wakaipanda miche hiyo porini Utah. Wakaja vidudu vya Empoasca, ambavyo kwa kawaida huikwepa mimea ile, vikala na kuzaliana. Kitalu nyumba kisingewaonyesha hilo hata kwa karne. Siku hizi tuna kisu kikali, na uoga wa kutoka nje.

Kazi za baadaye za UGT71L1, jeni nyingine ya mpopla, zilizoporomosha kemikali za kinga za salikotini na tremulasini, zimekaa sawa. Tangu 2023 jenomu ya 717 imesomwa huku nakala za wazazi wawili zikitenganishwa. Kwa hiyo muswada wowote utakaonifikia na mwongozo wa mpopla bila ulinganisho wa aleli zote mbili, naurudisha kabla sijafika kwenye grafu.